Watoto wa Iyunga watazame nini?

Iyunga imekaa upande wa magharibi wa Jiji la Mbeya, kwenye barabara kuu iendayo Mbalizi hadi Tunduma, jirani na stesheni ya TAZARA. Ni kata ya viwanda na ya shule. Ipo Sekondari ya Ufundi Iyunga, inayojulikana nchi nzima, na upande huohuo wa jiji kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho watu wanakiita MUST. Mtoto anayesoma shule ya msingi huku anapishana na malori ya Zambia na Kongo kila siku ya Mungu. Shule yake ikijitahidi, atapelekwa kabla ya kumaliza kuona kimondo cha Mbozi, Daraja la Mungu kule Rungwe, au ndege zikitua Uwanja wa Songwe. Jumba la sanaa hatapelekwa, kwa kuwa halipo. Jiji zima halina jumba la umma lililowekwa kwa ajili ya kazi za sanaa, na mikoa jirani ya Songwe na Rukwa iko vivyo hivyo.

Je, mtoto huyo anakosa kitu? Na kama anakosa, akipate wapi? Nimesikia majibu mawili ya haraka. Wapo wanaosema tumalize kwanza madawati, vyoo na walimu wa hisabati, sanaa itakuja baadaye. Wapo wanaosema jumba lijengwe, mengine yatafuata. Wote wanaliruka jambo la katikati: mtoto anafanya nini akishasimama mbele ya kazi ya sanaa? Hapo ndipo nitakapokaa zaidi, maana jibu la hapo linaamua mengine yote, hata ya gharama.

Kwamba sanaa ni somo, serikali imeshaamua. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ilikuja na mtaala ulioboreshwa ambao ulianza kutumika Januari 2024. Elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita, na somo la Sanaa na Michezo limewekwa kuanzia darasa la tatu. Mtaala unasisitiza umahiri, yaani mtoto aweze kufanya jambo, asiishie kukariri. Ni uamuzi mzuri na ulichelewa. Lakini mwalimu anayeingia darasani leo kufundisha somo hilo mara nyingi hakufundishwa sanaa hata siku moja alipokuwa mwanafunzi. Kwa miaka mingi kuchora shuleni kulikuwa ramani ya Tanzania, seli ya mmea na mfumo wa chakula, na alama zilitolewa kwa kunakili sawasawa. Kunakili ni ustadi, sikatai, ila hakumwachii mtoto nafasi ya kuamua chochote. Haulizwi kwa nini rangi hii ikae jirani na ile, wala kwa nini mchongaji amemfanya mzee huyu kuwa na kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili. Kitabu nacho kina mipaka yake. Kinyago cha Kimakonde kikichapwa kwa ukubwa wa kidole gumba hakizungukwi, hakina mgongo, hakina alama za patasi.

Anayedhani haya ni mapenzi ya wasanii tu, upo ushahidi uliopimwa. Novemba 2011 lilifunguliwa jumba la sanaa liitwalo Crystal Bridges huko Bentonville, mji wa jimbo la Arkansas, Marekani, katika eneo ambalo halikuwa na jumba kubwa la aina hiyo. Ziara za shule zilikuwa bure, na shule zilizoomba zikazidi nafasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Jay Greene, Brian Kisida na Daniel Bowen, wakautumia uhaba huo: shule zinazofanana zikapangwa kwa vikundi, kura ikaamua zipi ziende mwanzo na zipi zisubiri. Walipima karibu wanafunzi 11,000 wa shule 123. Ziara yenyewe ilichukua kama saa moja, na katika saa hiyo watoto walitazama picha zipatazo tano tu na kuzizungumzia. Wiki kadhaa baadaye, waliokwenda waliwazidi waliosubiri katika kuchambua picha ambayo hawakuwahi kuiona, katika kuvumilia mawazo yasiyo yao, na katika kuelewa maisha ya watu wa zamani. Waliofaidika zaidi walikuwa watoto wa shule za vijijini na wa shule zenye umaskini mkubwa.

Tena walikumbuka. Picha mojawapo, iliyochorwa na Eastman Johnson, inaonesha watu kambini wakati wa kuchemsha utomvu wa mti ili upatikane utamu wa sukari. Watoto walielezwa kwamba wapinga utumwa waliupendelea utamu huo wasije wakanunua sukari ya mashamba ya watumwa. Asilimia 88 ya walioiona picha hiyo walilikumbuka jambo hilo wiki kadhaa baadaye, na hakukuwa na mtihani wala zawadi.

Matokeo haya yanageuza ile hoja ya madawati. Mtoto ambaye kwao kuna rafu ya vitabu, na likizo anapelekwa Dar es Salaam, ziara moja humwongezea kidogo. Mtoto ambaye hajawahi kuona kazi ya mchoraji ikiwa imetundikwa kwa heshima ukutani, ziara hiyohiyo humwongezea kingi. Kusema sanaa ingoje mpaka watu washibe ni kumnyima mwenye njaa chakula kinachomfaa kuliko mwingine yeyote. Madawati yanahitajika, na vyoo vinahitajika sana, hasa kwa wasichana. Mimi nakataa tu kwamba mtoto wa shule ya umma amekadiriwa dawati peke yake.

Sasa turudi kwenye kutazama. Philip Yenawine, aliyewahi kuongoza idara ya elimu katika jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, alishirikiana na mwanasaikolojia Abigail Housen kutengeneza njia rahisi ya kuwafundisha watoto kutazama. Mwalimu ana maswali matatu tu. Anauliza nini kinatokea kwenye picha. Mtoto akijibu, anamuuliza ameona nini kilichomfanya aseme hivyo. Kisha anawauliza wote kama kuna kingine wanachokiona. Hahukumu, hasahihishi haraka, anarudia alichosema mtoto kwa maneno mazuri zaidi na kuunganisha hoja za huyu na za yule. Swali la pili ndilo lenye uzito. Linamfundisha mtoto wa miaka tisa kwamba kauli inahitaji ushahidi, na kwamba ushahidi huo umo mbele ya macho ya wote, kwa hiyo hata mtoto mkimya wa nyuma anaweza kumpinga kiranja.

Chukua kinyago cha mpingo cha mtindo wa ujamaa, ile nguzo ya watu waliopandana ambayo Wamakonde waliifanya ijulikane duniani. Mtoto wa darasa la nne ataanza kwa kuhesabu vichwa. Atakosea, atarudia, atagundua kwamba hawezi kumaliza kuhesabu akiwa amesimama sehemu moja, hivyo atazunguka. Akizunguka ataona kwamba mkono alioudhani wa mama ni wa mtoto mgongoni, na kwamba aliye chini kabisa ndiye aliyebeba wote, na uso wake umeinama. Hapo ataanza kuuliza: huyu wa chini ni nani, ameadhibiwa au ni babu yao? Mwenzake atasema ni babu, kwa sababu ana ndevu. Mwingine atasema amechoka. Watu hao wote walichongwa kwenye gogo moja, na mtoto akishaambiwa hivyo anarudi kutafuta maungio ambayo hayapo. Dakika kumi zimekwisha, na mwalimu hajahutubia.

Linganisha na ziara zetu nyingi zilivyo. Basi linafika saa tano badala ya saa tatu. Watoto 120 wanapangwa mistari miwili. Mwongozaji ni mmoja na ana dakika arobaini, maana kuna shule nyingine nje. Anapaza sauti: jina, kabila, mwaka, jina, kabila, mwaka. Walio mbele wanamsikia, walio nyuma wanaona migongo. Kisha mwalimu anasema, "Andikeni," na vichwa vyote vinainama. Katika ziara moja ya namna hiyo nilimtazama binti aliyesimama mbele ya ngoma kubwa ya kifalme. Alinakili kibao cha maelezo chote, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari chini kwa rula, akasogea mbele. Ngoma hakuiangalia. Wasingemlaumu kwao, wala mimi simlaumu: aliambiwa aandike, akaandika. Kesho yake wakipewa insha ya siku ile wataandika habari za basi, soda na keki, kwa kuwa hayo ndiyo waliyopewa muda wa kuyafurahia.

Kurekebisha hili hakuhitaji fedha. Watoto wagawanywe vikundi vya kumi na watano. Kila kikundi kitazame vitu vitano, si hamsini. Madaftari yabaki kwenye mabegi. Mkononi iwepo penseli na karatasi tupu ya kuchorea. Wiki moja kabla wazungumze darasani juu ya wanachokwenda kuona, na wiki inayofuata wafanye cha kwao kwa udongo, mabua au makaa. Mwalimu mkuu atakayeogopa kwamba watoto wamerudi bila "notisi" aulizwe notisi za mwaka jana ziko wapi.

Lakini waende wapi? Inafaa kueleza kwa nini jibu ni gumu. Makumbusho ya Afrika Mashariki yalianzishwa na wakoloni, na yalipangwa kwa mawazo yao. Ya Uganda yalianza 1908, Beit el Amani ya Unguja ilifunguliwa 1925, na ya Dar es Salaam yalifunguliwa 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano. Ndani yake ngoma, kigoda na mkuki viliandikwa jina la kabila. Jina la aliyevitengeneza halikuulizwa. Mhehe alionekana kuwa na vitu, hakuonekana kuwa na wasanii. Mtazamo huo haujatoka wote kwenye vibao vyetu, na mtoto anayevinakili anaunakili pamoja nao.

Kulikuwa na walioona tofauti. Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa Kampala mwaka 1937, yakawa shule ya sanaa ya Makerere, na yeye huyohuyo aliwahi kuyasimamia Makumbusho ya Uganda. Kutoka Makerere walitoka Watanzania wawili wa Kilimanjaro, Sam Ntiro na Elimo Njau. Njau na wenzake walifungua Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, nyumba ya sanaa iliyoendeshwa na Waafrika wenyewe. Ntiro alichora maisha ya Uchaggani: migomba, mashamba, watu wakifanya kazi pamoja. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko katika hazina ya MoMA, New York. Naliwaza jambo hilo mara nyingi. Walimu wa New York wanaweza kuwaonesha watoto wao jinsi Mtanzania alivyouchora usiku wa migombani, na mtoto wa Tukuyu, ambaye amezaliwa ndani ya migomba, hajawahi hata kulisikia jina la mchoraji.

Edward Saidi Tingatinga yeye alikuwa mtu wa kusini, mzaliwa wa Tunduru. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za madukani juu ya mbao nyepesi za dari, akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 akidhaniwa mhalifu. Miaka minne ilitosha kuacha mtindo ambao wanafunzi wake na wajukuu wa wanafunzi wake wanaupaka hadi leo pale Oysterbay. Jijini humohumo kuna Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, na kuna Nafasi Art Space, Mikocheni, tangu 2008. Mtoto wa Kinondoni anafika kwa daladala. Kutoka Iyunga ni zaidi ya kilomita 800, na treni ya TAZARA inayopita jirani na nyumbani kwao inalala njiani. Makumbusho ya Taifa yana vituo Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Mbeya imerukwa.

Iringa ni tofauti, na ndiko ambako ningepeleka darasa la tano au la sita kwa ziara moja kubwa. Ni zaidi ya kilomita 300, hivyo ni siku mbili, lakini ndani ya siku hizo mbili mtoto anapata kingi. Boma la Iringa ni jengo la mawe la Wajerumani lililojengwa kuwa hospitali, Waingereza wakalifanya ofisi za utawala, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Lina ukubwa unaomfaa mtoto: vyumba vinahesabika, huwezi kupotea, na vitu vinahusu watu wa pale. Hatua chache mjini kuna Neema Crafts, karakana ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana iliyoanza 2003, ambako mafundi wenye ulemavu, wengi wao viziwi, wanafuma, wanashona shanga na kutengeneza karatasi, hata za kinyesi cha tembo. Makumbusho yanaonesha kazi iliyokwisha. Karakana inaonesha mkono ukiwa kazini. Watoto wanavihitaji vyote viwili, na mji unaoviweka jirani hivyo ni nadra nchini.

Nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Dodoma, kuna mwamba wa Igeleke wenye michoro ya kale ya wanyama na watu kwa rangi nyekundu. Hakuna kioo, hakuna kibao kinachokuzuia kutazama, kuna mwamba tu. Hapa lazima sheria iwe kali: hakuna kugusa, hakuna kumwagia maji ili picha ing'ae, kwa sababu mafuta ya vidole vya mabasi matatu ya shule yanaweza kuharibu kilichostahimili mvua za karne nyingi. Upande wa barabara ya Mbeya kuna Isimila, iliyogunduliwa 1951, penye mashoka ya mawe ya watu wa kale. Mtoto akilitazama shoka moja vizuri ataona kwamba pande zake mbili zinalingana kuliko ilivyohitajika kwa kukata nyama. Huenda aliyelichonga alitaka liwe zuri. Sijui hoja iliyo bora kuliko hiyo ya kumwambia mtu anayedhani sanaa ni anasa ya juzi.

Kuhusu makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa, nina msimamo ambao walimu wengine hawataupenda. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limo humo ndani ya kioo. Alijiua mwaka 1898 asikamatwe, Wajerumani wakalichukua fuvu, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza lirudishwe, na likarudi Juni 1954, Gavana Twining alipolikabidhi kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Ni historia ambayo kila Mtanzania aijue, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili linaidai. Lakini lile ni fuvu la mtu mwenye ukoo ulio hai. Watoto wa darasa la pili wanaosukumana mbele ya kioo, wengine wakicheka kwa woga, hawafundishwi heshima. Waende wakubwa, waende wameshasimuliwa, na waingie kwa adabu ya msibani. Wadogo wabaki Boma.

Hata hivyo ziara ya Iringa ni ya mara moja, na kutazama kunahitaji mazoezi ya mara kwa mara. Mazoezi hayo yako karibu kuliko tunavyodhani.

Kule Matema, kichwani mwa Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu ambavyo ningeviweka mbele ya chombo chochote cha jumba lolote bila aibu. Kila Jumamosi vinauzwa kwenye soko la Lyulilo, ufukweni, vingine vikiletwa kwa mitumbwi kutoka vijiji vya pembeni mwa milima ya Livingstone, kama Ikombe. Hawatumii gurudumu la mfinyanzi. Mama anaweka bonge la udongo juu ya kigae, anakizungusha kigae kwa mkono mmoja huku mwingine ukiinua ukuta wa chungu kutoka ndani. Anakwangua, analainisha, anaacha kikauke, anarudi kukisugua mpaka king'ae, kisha kinachomwa nje kwa nyasi na kuni. Chukua kimoja, kipige taratibu kwa kucha: kilichoiva kinalia. Pitisha kidole mdomoni mwake kwa ndani: unene haubadiliki mahali popote, na hakuna kipimo kilichotumika isipokuwa vidole vya mama. Kitako ni cha mviringo kwa sababu kitakaa juu ya mafiga au juu ya kata, na mviringo huohuo ndio unaokipa umbo unaloliona zuri. Mwalimu wa sayansi, wa hisabati na wa Sanaa na Michezo wote wana kipindi hapo.

Basi la shule linakwenda na kurudi Matema siku moja, lakini hata basi si lazima. Vyungu vya Kikisi vinauzwa masoko mengi ya Mbeya. Mwalimu anunue vitatu, vinavyofanana kwa mbali, aviweke mezani, awaulize watoto vimefanywa na mtu mmoja au na watu watatu, na wamejuaje. Afanye hivyohivyo kwa vikapu vya milulu vya Iringa, ambavyo wanawake wa Kihehe husuka kwa nyasi za mabondeni: mpaka wa rangi unaanzia wapi, msukaji alihesabu au alikadiria, kosa liko mzunguko wa ngapi na alilifichaje. Watoto wengi wana bibi nyumbani anayejua kusuka. Wakigundua kwamba bibi anaweza kujibu maswali ambayo mwalimu hana majibu yake, jambo kubwa limetokea katika nyumba hiyo.

Kwa hiyo jumba si lazima? Sikubali kwenda mbali hivyo. Chungu cha sokoni kitauzwa jioni, na mwaka ujao huwezi kukilinganisha na cha mama yake mfinyanzi, kwa sababu hakuna aliyekitunza. Kazi ya jumba ni kutunza na kulinganisha: kazi ya 1950 kando ya ya leo, ya Kikisi kando ya ya Kipare, na mchoro wa kijana wa Mbeya kando ya wa Ntiro. Darasa linaweza kufundisha kutazama, lakini haliwezi kuwa kumbukumbu ya watu. Mji ambao hautunzi kazi za watu wake unawaambia watoto kwamba kazi hizo ni za kutumika na kutupwa.

Fedha nazo zisemwe wazi. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi inatolewa bila malipo, na ruzuku ya uendeshaji imekadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo sehemu yake ni ya vitabu. Nauli ya mtu mzima kwa basi la kawaida kutoka Mbeya hadi Iringa, kwenda tu, inazidi kiasi hicho. Michango ya wazazi imewekewa masharti, na ni haki, kwa kuwa kabla ya hapo watoto walirudishwa nyumbani kwa ajili yake. Matokeo yake ni kwamba ziara zimebaki mali ya shule za mchepuo wa Kiingereza, na mtoto wa shule ya umma anaziona kupitia dirisha la basi la wenzake. Kama Sanaa na Michezo ni somo la lazima, kufika penye sanaa kuhesabiwe ndani ya gharama ya somo, kama chaki.

Na kuna usalama. Mei 2017 basi la shule moja ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, likaua wanafunzi zaidi ya thelathini, walimu wao wawili na dereva. Waliokuwemo walikuwa wanakwenda kupimwa masomo na shule nyingine. Mkazi wa Mbeya hahitaji kuelezwa habari ya ajali za miteremko ya Iwambi na Igawilo. Mzazi anayekataa kusaini fomu ya safari ya usiku namwelewa kabisa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka mahali pa kutazamia sanaa pawe ndani ya jiji, ambapo watoto wa Iyunga watafika asubuhi na kurudi kwa chakula cha mchana.

Mahali hapo si lazima paanze na jengo la mabilioni. Panahitaji chumba kikavu, mlango unaofungwa, mwanga wa dirisha la kaskazini au la kusini, na mtu mmoja anayelipwa kukitunza na kuwapokea watoto. MUST inafundisha usanifu majengo; wanafunzi wake wanaweza kukipanga kama kazi ya chuo. Vijana wa Sekondari ya Ufundi Iyunga wanaweza kutengeneza meza na makabati. Makumbusho ya Taifa yanaweza kuazima kazi kutoka stoo zake, ambako vitu vingi vinakaa bila kuonekana. Vyungu vya Kikisi, vikapu vya Iringa, nyungo na mianzi ya Rungwe, na picha za wachoraji wa jiji hili ambao leo wanaishi kwa kuchora mabango ya saluni, vyote vinapatikana kwa siku chache za kuzunguka. Sharti ninaloliona la lazima ni moja: kila kitu kiandikwe jina la aliyekitengeneza, kijiji chake na mwaka. Mtoto akisoma jina la mama wa Ikombe kando ya chungu, atajua kwamba alama ile ya kidole ilikuwa ya mtu.

Halmashauri ya Jiji la Mbeya itenge chumba hicho, na ofisi ya elimu ipange ratiba ili kila shule ya msingi ya umma, kuanzia zilizo kwenye kata za pembeni kama Iyunga, ipate asubuhi moja kila mwaka. Walimu wasisubiri. Chungu cha kuanzia kinauzwa sokoni leo.